Mawe ya Foleni ya Msimbazi

Barua imenifikia Jumanne kutoka nchi moja ya baridi huko kaskazini mwa Ulaya, imeandikwa kwa Kiswahili cha kuungaunga. Mama wa aliyeiandika amefariki. Wasomaji wangu hamkumjua, na mimi mwenyewe nilisoma naye miezi mitano tu, enzi za Ujamaa, alipoletwa katika shule yetu ndogo ya vyumba vinne pale Msimbazi huku mwenzetu mmoja akipelekwa kusoma kwao. Tulimwita Mgeni, akaitika. Alikuwa na miaka kumi na saba, kama mimi. Bintiye anauliza jambo moja tu: lile jiwe lenye alama ya bluu, ambalo mama yake aliliweka dirishani miaka yote bila kuwaambia sababu, ni la nini? Nimelisoma swali hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Vijana watacheka, lakini siku hizo sukari, sabuni na maziwa ya kopo vilipatikana kwa foleni, na foleni tuliipanga kwa mawe. Ukiwahi alfajiri mbele ya duka la ushirika, unaweka jiwe lenye alama yako, kisha unakwenda kuhangaika na mengine. Jiwe lilisimama badala yako na hakuna aliyeligusa. Wanafunzi nasi tulifagia mtaa kila asubuhi, maana elimu ilikuwa ya kujitegemea, na sehemu yangu ilikuwa baraza la duka hilo. Siku moja nilitaka kuwahi chai, nikamkabidhi Mgeni ufagio. "Nifagie mpaka wapi?" akauliza. "Mpaka mlangoni. Mwalimu anataka pawe safi kabisa." Habari ya mawe sikumwambia. Haikunijia hata kichwani, kwa sababu kwetu hilo lilikuwa jambo la kujulikana, haambiwi mtu. Naye kwa bidii yake akayaokota yote, akayarundika kando ya mtaro.

Duka lilipofunguliwa hapakuwa na wa kwanza wala wa mwisho. Watu walioitana ndugu kutwa walisukumana kwa viwiko, na wengi wao nilikuwa nawafahamu. Jiwe la tatu, lenye alama ya bluu, lilikuwa la bibi mmoja wa Buguruni, muuza vitumbua, aliyekuwa akilea kichanga cha binti yake aliyefia uzazi. Alirudi kutoka sokoni Kariakoo akakuta maziwa yamekwisha. Kichanga kilifariki kabla wiki haijaisha. Sisemi kopo lile lingekiokoa. Sijui, na kutojua huko kunaniuma mpaka leo.

Mtaa ulikuja juu. Mwalimu mkuu akamwita Mgeni ofisini, mimi nikiwa nimesimama mlangoni. "Nani alikutuma kufagia pale dukani?" Mgeni alinitazama mara moja. "Nilikwenda mwenyewe, Mwalimu." Nikainamisha kichwa. Baba yangu alikuwa kibarua bandarini, na niliogopa kufukuzwa shule. Sababu nilikuwa nayo, lakini ulikuwa woga tu. Ikaamuliwa arudishwe kwao. Kabla ya kuondoka aliomba akampe pole yule bibi wa vitumbua, nikatumwa kumsindikiza. "Shikamoo, bibi," akasema, na kumnyooshea jiwe lake lenye alama ya bluu. "Marahaba, mjukuu wangu. Nenda nalo. Mimi sina tena wa kumpangia foleni." Nilikuwa hatua mbili kutoka kwa bibi yule, na hata hapo sikusema.

Nasikia watu wakizisifu enzi zile kwamba jiwe tu lilitosha kukulindia nafasi. Ni kweli, na nimewahi kuzisifu hivyo hivyo katika safu hii. Sikuwahi kuandika kwamba mawe yalipoondoka tuliumizana asubuhi hiyo hiyo, kisha tukamtwisha lawama yote msichana mmoja kwa kuwa hakuwa wa kwetu.

Bibi yule alishafariki, mwalimu mkuu vilevile, na sasa Mgeni. Nimemwambia binti yake jiwe lilikuwa la nani, na kwamba mwenye kosa ni mimi, si mama yake. Ukurasa huo mmoja umenichukua siku nne. Ndugu msomaji, kama kuna mtu aliyebeba kosa lako, mwendee angali hai. Binti anaweza kunijibu lolote, lakini msamaha wenyewe alikuwa nao mama yake.