Sikio la Kushoto na Posa ya Binti Yangu

Kijijini kwetu Muleba watu wananiita Afande, na cheo hicho ni kikubwa kuliko kazi niliyoifanya. Katika vita vya Uganda nilipangwa kwenye mizinga. Kazi yangu ilikuwa kupokea kombora kutoka kwa mtu aliye nyuma yangu na kumpa aliye mbele yangu. Basi. Adui sikumwona kwa karibu kiasi cha kumsalimia. Nilichokiona zaidi, tangu mto Kagera hadi tulipoipita Masaka, ni mgongo wa kijana mmoja wa Kisukuma aliyesimama mbele yangu, shati lake limechanika begani. Yeye hakurudi. Mimi nilirudi nikiwa nimepungukiwa na sikio moja tu, la kushoto, lililokuwa upande wa mzinga, na hadi leo nikiliita jeraha la vita naona haya kidogo.

Ukilitazama, halina kasoro. Linashika miwani vizuri kabisa. Kilichoondoka ni usikivu, na mahali pake wakaingia nyuki ambao hawajaacha kuvuma tangu siku ile. Mke wangu, niliyemwoa baada ya kurudi, aliwahi kuniambia, "Wenzako walitoka kwenye mizinga na vyeo. Wewe umetoka na nyuki wenyewe."

Hata hivyo niliamini kwamba, ukimtoa yeye, hakuna aliyejua. Nilikuwa na mbinu. Mtu akizungumza upande wa kushoto, nilimsubiri anyamaze, nikatikisa kichwa polepole kama mtu anayepima jambo, kisha nikatoa neno kuhusu migomba. Kwetu mazungumzo yoyote, hata ya msibani, mwisho hufika kwenye migomba, kwa hiyo kosa langu kubwa lilikuwa kuwahi kufika tu. Kwa njia hiyo nikapata sifa ya kuwa mzee wa maneno machache mazito. Wakanifanya hata mwenyekiti wa jumuiya ya kanisani.

Binti yetu wa mwisho alikuwa anafundisha shule ya msingi mjini Bukoba na kupanga chumba mtaa wa Bilele. Huko akampata kijana wa Buhembe. Niliambiwa kwamba kijana ana adabu, ana kazi, na wazazi wake ni wakulima kama sisi. Kitu kimoja sikuambiwa, kwamba ni Mlutheri. Hawakunyamaza bila sababu. Miaka ya nyuma nilikuwa nimetangaza mezani, bila kuulizwa na mtu, kwamba nikiwa hai hakuna mtoto wangu atakayefunga ndoa nje ya Kanisa Katoliki. Hata meza niliipiga ngumi. Watoto walikuwa wanakula senene wa kukaanga, na sikumbuki kama hata mmoja aliacha kutafuna.

Wageni wa posa walikuja mchana, wamevaa makoti, wamekaa kwa adabu kwenye viti ambavyo mke wangu alivipanga tangu asubuhi. Mimi nilipewa kiti chenye mito miwili, kilichotazama mlango, kulia kwangu ukuta. Nikaona hicho ndicho kiti cha mkuu wa kaya. Dada yangu mkubwa, mwanamke wa rozari asubuhi na rozari jioni, alikaa mbele yangu na kikapu cha kahawa ya kutafuna.

Mshenga wao alikuwa mwalimu mstaafu. Kwetu Wahaya, heshima hupunguza sauti, na mtu yule alikuwa na heshima kupita kiasi. Alisimama kushoto kwangu, akainamisha kichwa, akaanza kusema, na mimi nikabaki na nyuki wangu. Alisema kwa muda mrefu. Mwishoni akanyoosha mkono kuelekea dirishani, akaniangalia usoni, akangoja.

Nikageuka kuangalia alikoonyesha. Pale nje ya dirisha palikuwa na shina langu bora la mgomba, limezungukwa na machipukizi yaliyonona. Nikaelewa. Nilikuwa nimesikia kwamba mnyauko wa migomba umewasumbua sana wakulima wa upande wa Buhembe, na wageni wangu wengi huondoka na mche mmoja. Nikatikisa kichwa polepole.

"Chukueni tu, waitu, ndugu zetu," nikasema. "Chipukizi zuri halichagui shamba. Likihamishwa kwa uangalifu, litazaa huko kama lingezaa hapa. Cha muhimu ni mbolea."

Kikapu kikaanguka kutoka mapajani mwa dada yangu na kahawa ikatapakaa sakafuni. Mshenga alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Baba wa kijana akatoa leso akajifuta macho, na kijana mwenyewe akapiga magoti mbele yangu. Niliona shukrani zimezidi kwa mche wa mgomba, lakini nikafikiri labda mnyauko umewapiga kuliko nilivyosikia. Nikawahurumia.

"Na msiogope," nikaongeza. "Mkitaka mengine, yapo."

Hapo walicheka mpaka mshenga akakaa chini.

Walipoondoka, jua likiwa bado juu, nikachukua jembe nikaenda kwenye lile shina. Mke wangu akanikuta nimeshachimba nusu.

"Unafanya nini?"

"Wamesahau miche yao. Kesho utampa binti awapelekee."

Aliniangalia, akaangalia shimo, kisha akakaa chini palepale kwenye majani makavu, mikono kichwani, akacheka hadi machozi. Alipotulia, akasogea upande wangu wa kulia.

"Mzee," akasema, "yule mwalimu alikuwa anaonyesha kanisa letu kule mlimani. Alikuambia kijana ni Mlutheri, na wangependa ndoa ifungwe kwao. Akakuuliza kama moyo wako utaridhia."

"Na mimi nikasema nini?"

"Ukasema chipukizi halichagui shamba."

Nikaegemea jembe. Nilitafuta hasira, nikaipata, lakini sikujua niielekeze wapi. Niwakimbilie wageni barabarani niwaambie kwamba sikuzungumzia binti, nilizungumzia ndizi? Na ile habari ya "mengine yapo" ningeielezaje?

Jumapili iliyofuata maneno yangu yalikuwa yamefika parokiani kabla yangu. Padre alinishika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida, akasema wapo wazee wenye imani pana. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananisifu au ananionya. Kijana mmoja wa kwaya aliniomba nirudie ule usemi ili aujue vizuri. Nikaurudia. Ningefanyaje? Dada yangu hakunisemesha mpaka siku ya harusi, na siku hiyo aliponisemesha alikuwa upande wa kushoto, kwa hiyo sina hakika kama alinisamehe.

Ndoa ikafungwa, na kusema kweli kijana alikuwa kama walivyomsifu. Ndiye aliyesisitiza nipelekwe hospitali mjini nikapimwe sikio. Nilikataa, nikamwambia sina tatizo, akanijibu kwa upole jambo ambalo sikulisikia, nikatikisa kichwa, na kumbe nilikuwa nimekubali. Nikarudi Muleba na kidude kidogo cha rangi ya karanga nyuma ya sikio.

Nilidhani nitasikia mambo makubwa. Nilisikia ndala zangu. Nilisikia kuku akikwaruza uani, na mlango wa choo ambao kumbe ulikuwa unalia miaka yote. Binti alikuwa amenisindikiza, akaingia jikoni kwa mama yake. Mimi nikakaa barazani, kushoto kwangu dirisha la jiko, nikaanza kusikia watu wawili wakicheka.

"Lakini mama, angehamisha kiti je?"

"Ahamie wapi? Kulia nilimwekea ukuta. Na ile mito miwili niliijua, Afande hawezi kuiacha."

"Sisi wote ruhusa tulikuwa tunaombea kushoto. Kaka ndiye aliyegundua akiwa darasa la tatu. Ukitaka kwenda mpirani, unakwenda kushoto, unasema taratibu, baba anatikisa kichwa, anakuambia habari za mbolea, unaondoka."

Nikasimama. Kumbe nyumba niliyodhani naiongoza kijeshi ilikuwa na njia ya kupenya, na kila mtu aliijua isipokuwa mlinzi. Nikaenda hadi mlango wa jiko, nikakohoa kikamanda. Kicheko kikakatika.

"Umesikia?" mke wangu akauliza.

"Nimesikia."

"Kuanzia wapi?"

"Kuanzia kwenye kiti."

Binti alijificha nyuma ya kanga. Mama yake hakujificha. Alifuta mikono, akanitazama. "Ningekuuliza kulia ungekataa," akasema. "Si kwa sababu ulitaka kukataa. Kwa sababu ulishapiga meza. Na ungekaa na hiyo hapana yako mpaka uzikwe nayo, huku unamkosa mtoto kila sikukuu. Sasa niambie, nilikosea?"

Nilitafuta neno kuhusu migomba. Halikuja.

"Hukukosea," nikasema.

"Basi vuta kigoda. Sasa unaweza kukaa popote."

Nikavuta kigoda nikakaa kati yao, wakanipakulia ndizi, na tukaendelea kuzungumza. Mambo ya nyumba yangu niliyoyajua mchana ule yalikuwa mengi kuliko niliyokuwa nimeyajua tangu nianzishe familia hii. Kijana wangu mkubwa, kwa mfano, alishawahi kuwa mchezaji wa akiba wa timu ya mpira ya wilaya, na mimi nilikuwa nimempa ruhusa, baraka na ushauri wa kupalilia.

Mjukuu alipozaliwa, alibatizwa kanisani kwao Buhembe. Tulikwenda sote, hata dada yangu, rozari mkononi. Walutheri wana tarumbeta, na tarumbeta zilipoanza, kidude changu kikapiga yowe hata wa benchi la mbele wakageuka. Nikakishusha sauti kama nilivyofundishwa. Kisha tarumbeta zikanyamaza, ukaanza wimbo ambao sisi pia tunauimba, na mke wangu, aliyekuwa kushoto kwangu, akaimba.

Sikuwahi kumsikia akiimba. Kanisani kwetu wanawake hukaa upande wao. Sauti yake ilikuwa ya nguvu, haikufuata noti yoyote niliyoisikia kwa wengine, na ilikuwa mbele ya kanisa zima kwa neno moja. Mtoto aliamka. Mimi nikabaki namtazama, nikiwaza ni kwa ajili ya mtu huyu nilirudi, na yule Msukuma wa kwenye mizinga, angerudi, naye angekuwa na mtu wake. Akaona namtazama, akaacha kuimba.

"Nini?"

"Unaimba vizuri sana," nikamwambia.

Mchungaji alituangalia, na kanisa lote likacheka, kwa sababu nilikuwa bado sijajifunza kunong'ona.