Nguruwe wa Kipaimara

Kipupwe cha Maramba si baridi ya milimani, lakini ukiwa na nguruwe mzima wa kuchoma nje, kinatosha kukuharibia siku. Manyunyu yalianza alfajiri. Baba, mchomaji wa kila sherehe ya ukoo wetu, safari hii alikaa kitini amejifunga blanketi, akatuelekeza kwa sauti ya kukwaruza. Ugonjwa wa koo ulikuwa umefika mahali ambapo uji tu ndio ulipita. Mdogo wangu wa kike alikuwa anapata kipaimara, na baba alitaka jambo moja: kuonja nyama kabla ya wageni, kama ilivyo desturi ya mwenye nyumba kwetu.

Tulichimba shimo la kina cha goti, tukasimamisha mabati upande wa kusini kuzuia upepo na mvua. Makaa ya vifuu vya nazi tuliyarundika chini ya mabega na mapaja ya nguruwe. Katikati tuliacha wazi, maana tumbo huungua kabla bega halijapata joto. Jirani yetu Mdigo alikaa upande unakotoka upepo, akiwachinjia kuku wageni Waislamu, ambao walikuwa na moto wao na sufuria zao.

"Mzee mwenzangu," alipaza sauti, "moshi wako ukigeukia huku, nakuvusha mpaka, nakuhamishia Kenya wewe na mnyama wako!"

"Wafunike kuku wako," baba alijibu. "Watapata mafua."

Kicheko kikageuka kikohozi, kikakataa kukoma. Jirani akaweka kisu chini, akakatiza moshini, akamshika baba mgongo mpaka pumzi ikarudi.

"Kalale, baba watoto," mama alisema.

"Bado bega."

Kwa ubaridi ule, bega lilichukua mpaka alasiri. Watu walikuwa wametoka kanisani zamani, wanakunywa chai na kunusa. Hatimaye nilichoma kisu karibu na mfupa. Maji yakatoka bila damu. Nikamkatia baba kipande kidogo. Alikitafuna muda mrefu, amefumba macho. Koo likakataa. Akakitemea kwenye leso, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Imeiva," alisema. "Chumvi imekolea. Wapeni watu."

Vigelegele vikapigwa. Mdogo wangu alikuja na gauni lake jeupe kumshukuru baba, akamkuta mama anapooza uji. Akachukua kijiko, akapiga magoti kwenye tope, akaanza kumlisha.