Vibalbu Kwenye Mkeka wa Kahawa

Juzi nilishuka kwenye gari pale Kagoma nikakuta kahawa imeanikwa kando ya barabara. Unaijua ile harufu, ndugu yangu, tamu na yenye uchachu kidogo, ya buni zilizoanza kukauka nje huku ndani bado mbichi. Wenzangu ikiwapata wanakumbuka Krismasi na viatu vipya. Mimi hunirudisha kwenye msimu mmoja. Nilikuwa naenda kumtembelea dada yangu, na hasira niliyodhani imekwisha ikanirudia palepale.

Kwetu ni Buganguzi. Nyumba ilikuwa katikati ya kibanja, shamba la migomba, na kama umewahi kukaa kibanjani unajua kwamba jua huko ni la kugombea. Migomba imefunika kila kitu: jiko, choo, hata makaburi ya mababu. Uwazi ulikuwa mmoja tu, uwanja wa mbele, na huo ulikuwa wa kahawa. Umande ukishaondoka bibi alitandaza mikeka, akawa anazigeuza buni kwa mguu huku akigombana na kuku. Mchana tulikula ebitoke, zile ndizi za kupika, na maharage tukiwa tumeelekea uwanjani, jicho moja kwenye sahani na jingine mawinguni, maana mvua ya kwetu haipigi hodi.

Hapo kwenye mkeka, kwa sababu hapakuwa na jua mahali pengine, ndipo dada alipoweka mtambo wake.

Alikuwa kidato cha pili, mimi darasa la saba. Baba alikuwa ameshasema kwamba mwakani naingia sekondari na watoto wawili hataweza kuwasomesha. Hakusema nani atatoka. Hakuna aliyeuliza, maana nyumba nzima ilijua. Dada hakulia. Aliendelea kuchota maji, kumenya ndizi, na kukusanya tochi mbovu za Kichina, zile za kutupwa baada ya mwezi mmoja.

Alizitaka kwa ajili ya vile vibalbu vidogo vyenye miguu miwili ya waya, ambavyo mafundi huviita LED. Siku moja darasani alikuwa ameuliza: kama kibalbu kikipewa umeme kinatoa mwanga, je, kikipewa mwanga hakiwezi kutoa umeme? Darasa zima lilicheka. Mwalimu wa fizikia peke yake hakucheka. Alimpa kalkuleta iliyokufa betri, akamwambia akaiwashe kwa jua aone.

Akavipenyeza vibalbu kwenye kipande cha boksi la biskuti, akasokota nyaya nyuma yake, mguu mrefu kwa mguu mrefu, mfupi kwa mfupi. Vyeupe vilimwangusha. Ni vyekundu, vya kwenye redio na chaja zilizokufa, vilivyolishika jua. Tuliomba kijiji kizima chaja mbovu. Nakumbuka vidole vyake vyeusi kwa utomvu wa ndizi vikisokota waya mwembamba kama unywele, na siku ile kioo cha kalkuleta kilipoonyesha sifuri, hafifu, kama imeandikwa kwa penseli. Dada alizunguka uwanja mzima akipiga vigelegele, bibi akadhani kuna arusi.

Mwalimu aliposikia alisema atakuja kwetu mwenyewe. Alitaka baba aione ile sifuri kwa macho yake, kisha amwombe asimtoe dada shuleni.

Alikuja Jumamosi. Bibi alimpa kahawa ya kutafuna, kama mgeni wa heshima. Dada aliweka boksi lake mkekani, pembeni ya buni nyekundu zilizochumwa asubuhi, akabonyeza saba mara saba. Baba aliinama akasoma jibu. Akatazama nyuma ya boksi kutafuta betri iliyofichwa. Hakuiona.

"Huyu mtoto, waitu, msimwachishe shule," mwalimu akasema kwa heshima.

"Tutaona, mwalimu," baba akajibu, na kwa baba yetu hiyo ilikuwa karibu sana na ndiyo.

Wakati huohuo mvua ikashuka. Sasa, kwetu mvua ikishuka kahawa haina mwenyewe. Aliye karibu anakimbia kuianua hata kama hamsemeshani. Jirani aliruka uzio, mke wake nyuma yake, mwalimu na suruali yake ya pasi, sote tukakunja mikeka kwa pupa na kuiburuta ndani. Boksi lilikunjwa humohumo. Tulipofungua, lilikuwa uji. Tuliokota vibalbu tulivyoviona, lakini hebu nawe jaribu kutafuta vyekundu vidogo katikati ya buni nyekundu. Dada alisema si kitu, atatengeneza kingine. Alikuwa akicheka. Baba alikuwa amesema tutaona.

Kahawa ilikauka ikawa nyeusi, ikatiwa gunia, baba akaipeleka kwenye chama cha ushirika. Msimu ule kulikuwa na watu waliochanganya mawe kuongeza uzito, kwa hiyo karani alimwaga kila gunia chini. Kwenye letu vikatoka vibalbu. Karani aliviinua kimoja kimoja mbele ya foleni nzima, akauliza kama siku hizi mibuni ya Buganguzi inazaa tochi. Watu wakaangua kicheko. Gunia likakataliwa.

Baba alirudi na gunia lake kwenye baiskeli. Hakupiga mtu. Alisimama uwanjani akasema, "Leo nimeitwa mwizi mbele ya wake za watu."

"Ni mvua, tata," dada akamwambia baba. "Si mimi, ni mvua."

Ilikuwa mvua kweli. Ilikuwa pia jirani mwema, na mwalimu mwema, na sisi wote tuliokimbia. Lakini mvua haitolewi shuleni. Januari ilipofika mimi nilishonewa kaptura ya sekondari, dada akapelekwa Bukoba mjini kwa shangazi kulea watoto. Mwalimu alikuja tena kuongea, baba hakutoka ndani. Baadaye mwalimu alihamishwa. Sijawahi kumsamehe baba, na amekufa, kwa hiyo sijui msamaha wenyewe ningempelekea wapi.

Bibi naye hayupo. Mikeka imekwisha, siku hizi ni maturubai. Pale Kagoma dada anauza ndizi, na juu ya bati lake kuna sola aliyofungiwa na fundi. Juzi binti yake, aliye kidato cha kwanza, aliitazama akauliza, "Mama, jua linageukaje kuwa umeme?"

Dada hakuinua macho kwenye ndizi alizokuwa anamenya.

"Muulize mjomba wako. Mimi sikusoma."

Nikamweleza mtoto. Kila neno nililosema nilifundishwa na mama yake, naye dada alikaa pale akisikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe."