Nilimvunja Shemeji Mkono, Nikapewa Kiti cha Bodi

Mfupa wa mtu ukivunjikia kwenye geti la chuma, wewe uliye ndani husikii mlio. Geti ndilo linapiga kelele. Unachohisi ni kitu kulegea ghafla upande wa pili.

Mimi nilihisi. Jumapili, saa tano kasoro asubuhi, jua limewaka.

Mkono ulikuwa wa shemeji yangu. Kaka wa mke wangu, tumbo moja.

Na kabla ya saa nane mchana, siku hiyohiyo, nikatangazwa mjumbe wa bodi ya klabu ya mpira, watu wakanipigia makofi.

Nasimulia mwenyewe, kwa mdomo huu wenye mapengo matatu. Wanaotaka kunitukana, naomba mnivumilie nifike mwisho. Mtanitukana vizuri zaidi mkiwa mmejua yote.

Zamani nilikuwa beki wa kati. Miaka tisa nilivaa jezi namba tano ya klabu yetu, mashabiki wakanipa jina la Komeo, kwa sababu mshambuliaji akifika kwangu, safari imeisha.

Goti la kushoto likanisaliti. Nikastaafu bila cheti, bila ufundi wowote. Nilichojua ni kuzuia tu.

Mwenyekiti wa klabu akaniita ofisini kwake. Akanivalisha koti la rangi ya machungwa, mgongoni limeandikwa MKUU WA ULINZI.

"Komeo, uwanjani ulizuia mipira," akasema. "Sasa utanizuilia wahuni."

Nikakabidhiwa wanaume sita wenye miili. Msaidizi wangu alikuwa jamaa mmoja tuliyemwita Tofali. Ukiona ngumi yake hutauliza jina lilitoka wapi.

Niliwafundisha kazi mwenyewe. "Mtu mkubwa msimwanze kichwani," nikawaambia. "Mwanzeni magotini. Akishuka, ni wenu."

Sasa mjue kitu kimoja. Klabu yetu ni ya wanachama. Mwenye kadi hai anaingia mkutano mkuu wa mwaka, anauliza anachotaka, anapiga kura kuchagua bodi. Nilipoanza ile kazi tulikuwa na wanachama zaidi ya elfu mbili.

Na wahuni walikuwa akina nani?

Mwenyekiti hakuwataja. Alikuwa ananionyesha kwa kidevu.

Wa kwanza alikuwa fundi cherehani mmoja, mzee wa sitini na ushee. Alisimama mkutanoni akauliza, kwa adabu zote, kwa nini mkwe wa Mwenyekiti anakaa kwenye bodi na hakuna aliyemchagua.

Kidevu kikainuka.

Nilimshika ukosi, nikamburuta ngazi kumi na moja mpaka chini. Miwani ikabaki juu. Tofali akamsindikiza na teke moja la mbavu, yule mzee akatoa leso mfukoni, akakohoa, leso ikawa nyekundu.

Nikajiambia, kimbelembele chake hicho.

Mwaka uliofuata muuguzi mmoja alibandika karatasi ya malalamiko kwenye ukuta wa ofisi. Tofali akambana mlangoni, mkono mmoja shingoni, akamlazimisha aitafune ile karatasi. Yote. Akaimeza huku machozi yanamtoka, mimi nimesimama pembeni naangalia barabara.

Sikugusa. Lakini sikuzuia. Na kazi yangu ilikuwa kuzuia, si ndiyo?

Watu wakaanza kupungua. Kila mkutano, Katibu anasoma taarifa: wanachama elfu moja na mia moja. Mwaka mwingine, mia saba. Mwenyekiti anatikisa kichwa kama mfiwa.

"Siku hizi watu hawana mapenzi na timu," anasema.

Nami nilimwamini. Wallahi nilimwamini.

Shemeji yangu ni fundi wa kuchomelea. Madirisha, mageti, vitanda vya chuma. Mtu mpole, maneno yake ya kuhesabu. Ijumaa moja kabla ya mkutano mkuu alikuja nyumbani, akakataa kukaa.

"Shem, umewahi kusoma katiba ya klabu?"

"Mimi na kusoma wapi na wapi?"

"Basi nisikilize. Kipengele cha kumi na nne. Ukumbini wakiwa chini ya mia tatu, hakuna uchaguzi. Mwenyekiti anateua bodi nzima peke yake. Inakaa miaka minne."

"Ehe?"

"Mwaka jana ukumbini tulikuwa mia tatu na kumi na mbili."

 Niseme ukweli, hesabu ile haikuniingia.

Alikuwa amezunguka miezi miwili nyumba kwa nyumba, baada ya kazi, kuwabembeleza wanachama wa zamani wafufue kadi zao. Amepata mia moja na themanini.

"Jumapili nakuja nao. Wengine wanakuogopa, shem. Nimewaambia wewe ni ndugu yangu, hutatufungia."

Mke wangu alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Akaniangalia.

"Umemsikia kaka yangu?"

"Nimemsikia."

Jumapili saa mbili asubuhi Mwenyekiti alinipa maagizo. Geti litafungwa saa tano kamili. Atakayechelewa, kachelewa. Yeye mwenyewe akapanda ofisini, ghorofa ya kwanza, akafungua dirisha linalotazama getini.

Saa tano kasoro dakika nane niliwaona wanakuja. Kundi kubwa, kwa miguu, wamejaza barabara. Kila mmoja kashika kadi mkononi, juu, ionekane. Shemeji mbele. Nyuma yake nikamwona yule fundi cherehani, miwani mipya.

Nikaangalia dirishani.

Kidevu.

Tofali hakusubiri niseme. Akalisukuma geti.

"Shem! Bado dakika sita!" shemeji akaita. "Angalia saa yako! Bado sita!"

Niliangalia saa. Kweli, bado sita.

"Rudini nyuma," nikasema.

Basi kikanuka.

Wakalisukuma lile geti kwa mabega. Sisi tukasukuma kwa ndani. Jiwe likapita juu ya kichwa changu, likapasua taa. Tofali akatoa rungu, akawa anapenyeza kwenye upenyo na kupiga chochote kilichokuja. Alimpata dereva mmoja mdomoni, meno yakaruka kama punje. Akampata fundi cherehani juu ya jicho. Mzee akakaa chini, taratibu, kama aliyechoka kusimama, na damu ikaujaza uso wake mpaka hukuweza kujua macho yako wapi.

Mwanamke mmoja alianguka. Watu wakampanda. Bado nasikia alivyokuwa anasema "mgongo wangu, jamani, mgongo wangu."

Ndipo shemeji akaingiza mkono. Wa kulia, mpaka juu ya kiwiko. Anautafuta mtarimbo wa geti auvute.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye. Uso kwa uso, chuma katikati.

"Shem, toa mkono," nikamwambia.

"Fungua, nitoe."

Nikainua macho dirishani. Sijui kwa nini niliangalia. Miaka mitatu ya kuangalia kidevu cha mtu, shingo inageuka yenyewe.

Kikainuka.

Nikalilalia geti kwa uzito wangu wote, kilo tisini na saba.

Hakupiga kelele. Aliniangalia tu, akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza njia:

"Shem?"

Kisha macho yakapinduka. Wenzake wakamvuta. Geti likafungwa.

Saa yangu ilikuwa inasema saa tano kasoro dakika mbili.

Ukumbini walihesabiwa watu mia mbili sitini na wanane. Katibu akatangaza kwamba idadi haitoshi, hakuna uchaguzi. Nje unasikia watu wanalia, ndani Mwenyekiti anakunjua karatasi na kuvaa miwani ya kusomea.

Akasoma majina tisa ya bodi mpya. Mkwe wake. Mdogo wake. Wakili wake. Wanane wote ni watu wake wa karibu.

"Na wa tisa," akasema, "kwa kuwa katiba inataka mchezaji wa zamani, namteua mtu aliyeitumikia klabu hii kwa jasho. Komeo!"

Makofi.

Nikapanda jukwaani. Akanikumbatia. Ananukia manukato mazuri. Akaninong'oneza sikioni, kwa furaha kabisa, kama mtu anayemshukuru fundi wake:

"Miaka mitatu, Komeo. Kutoka elfu mbili mpaka hawa. Wewe ndiye uliyenisafishia ukumbi huu."

Hapo ndipo hesabu ikaniingia.

Yule mzee wa ngazi kumi na moja. Muuguzi na karatasi yake. Wote niliodhani nawatoa kwa sababu ni wakorofi. Kumbe ukorofi haukuwa hoja. Hoja ilikuwa wapungue. Kila teke lilikuwa linaondoa kura, na mimi ndiye niliyekuwa nafuta.

"Ulikuwa unataka wasije?" nikamuuliza.

"Punguza sauti," akasema, bado anatabasamu kwa watu.

Nilimpiga kichwa cha pua. Nikasikia imekwenda. Akaanguka na kipaza sauti, ukumbi mzima ukasikia anavyolia kama ng'ombe. Nikamkalia kifuani, nikampiga ngumi nne, ya tano sikuifikisha.

Tofali alinianza magotini.

Vijana niliowafundisha walikuwa wanafunzi wazuri, siwasingizii. La kushoto lilikuwa bovu tayari, la kulia likafuata. Nilipoanguka wakanigeuza. Tofali akaniwekea buti mdomoni na kukanyaga. Nilimeza jino moja, mawili nikayatema. Kitu cha mwisho nilichokiona ni koti langu la machungwa linavuliwa na Tofali analijaribu, kama linamtosha.

Nilizindukia hospitali. Magoti yamefungwa, mbavu nne zimevunjika, jicho moja halifunguki.

Mke wangu alikuja Jumatatu. Akaweka mfuko wa nguo juu ya kitanda.

"Mkono umevunjika sehemu mbili," akasema. "Daktari kasema vidole viwili ndiyo basi tena. Atachomelea na nini?"

"Mwambie kwamba..."

"Kamwambie mwenyewe."

Akaondoka bila kuniaga. Nilimhesabia hatua mpaka mwisho wa wodi.

Jumanne mchana pazia likafunguliwa. Shemeji. Mkono uko kwenye plasta mpaka begani, midomo imemkauka.

Nililia. Mtu mzima na mwili wangu huu, nililia mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani.

"Shem, nisamehe. Nakuomba, ndugu yangu..."

"Sikuja kwa hilo," akasema.

Akaweka karatasi mbili kwenye meza ya dawa. Ya kwanza ilijaa sahihi, nyingine zina madoa ya damu. Ya pili ilikuwa tupu upande wa chini.

"Kipengele cha ishirini na moja," akasema. "Mjumbe mmoja wa bodi, akiwa na wanachama mia nyuma yake, anaweza kuitisha mkutano maalumu. Chini ya chama cha soka, siyo chini ya Mwenyekiti. Wanachama ninao. Mjumbe sina."

"Na mimi si wamenifukuza?"

"Nani kakufukuza? Walikupiga, hawakukufukuza. Mwenyekiti alikuwa na haraka ya kuihalalisha bodi yake, barua aliyoiandaa mapema, jina lako limo, akaipeleka chama cha soka Jumapili ileile kabla hajaenda kutibiwa pua. Kukuondoa ni mpaka bodi ikae, na inakaa Alhamisi."

 Akanisogezea kalamu kwa mkono wa kushoto.

"Mpaka Alhamisi, shem, wewe ni mjumbe halali wa bodi. Weka sahihi."

Vidole vyangu vilikuwa vimevimba kama ndizi. Nikaandika, mstari ukaenda upande. Akaichukua, akaiangalia, akanirudishia.

"Andika vizuri. Wasije wakaikataa."

Nikaandika upya. Akakunja karatasi kwa meno na mkono mmoja, akatoka.

Chama cha soka kikaipokea siku hiyohiyo, kikaizuia bodi isikae Alhamisi. Wiki tatu baadaye mkutano ulifanyika. Polisi getini, chama cha soka mezani. Walikuja wanachama mia sita na arobaini. Watu ambao tulidhani wameichoka timu, kumbe walikuwa wametuchoka sisi.

Nilikuja na magongo mawili. Nikaomba kipaza sauti, nikasema yote, nikiwataja niliowapiga mmoja mmoja. Sikumaliza salama. Kiatu kilirushwa kutoka nyuma kikanipasua kipaji, na hakuna aliyekemea. Nilijifuta, nikaendelea.

Ikapigwa kura ya kumwondoa Mwenyekiti na kuivunja bodi yake yote, wajumbe wote tisa.

Mimi nikiwemo. Niliinua mkono kujitoa mwenyewe.

Polisi walitusubiri nje, mimi na Tofali. Mahakamani nilikiri kosa, nikala miezi minane. Tofali alikana, akala miaka miwili. Mwenyekiti kesi yake bado inaendelea, pua imepinda.

Nimetoka mwezi uliopita. Mke wangu alinifungulia mlango. Tunazungumza, siyo sana, lakini tunazungumza.

Shemeji siku hizi ndiye anayesimamia uandikishaji wa wanachama. Anaandika kwa mkono wa kushoto. Wanasema tumepita elfu moja na mia tatu.

Nilipotoka tu nilipeleka fomu yangu ya uanachama. Akaisoma toka juu mpaka chini, akaiweka peke yake pembeni ya meza. Hakuigonga muhuri. Hakuichana.

"Rudi wiki ijayo," akasema.

Nimesharudi mara mbili. Bado ipo palepale mezani.

Somo langu ni hili, na nimelilipia. Ukipewa kazi ya kufukuza watu, hata kama umevalishwa koti zuri na kuitwa mkuu, usiinue mkono kwanza. Jiulize ukumbi ukibaki mtupu, nani anafurahi. Mimi nilikuja kujiuliza nikiwa tayari nimelilalia geti, na upande wa pili kulikuwa na ndugu yangu.