Harusi Iliyokuwa Chini ya Filamu

Nilikwenda Lusahunga kumsalimia mama, na mpwa wangu akanionyesha kwenye simu filamu ya Kihindi ambayo nilikuwa nimeitafuta miaka mingi bila kujua jina lake. Sisi tuliiita Mafuriko, kwa sababu inaanza na mafuriko. Ndugu wawili wadogo wameshikana mikono ndani ya maji, kila mmoja ana nusu ya kidani shingoni, kisha mikono inaachana. Nilipouona tu ule mto wa rangi ya udongo nikamwambia mpwa wangu asimamishe hapo hapo, nikaenda kumwita mama jikoni. Sikutaka kuiangalia peke yangu.

Kama ulikulia kando ya barabara ya kwenda mpakani Rusumo miaka ile ya wakimbizi, unaijua harufu ninayoikumbuka: dizeli, vumbi na maharage yanayochemka. Malori ya chakula yalipita kwenda kambi za Ngara mchana kutwa, na madereva walisimama njia panda kula kwenye mgahawa wa mama. Kazi yangu ilikuwa kuosha sahani. Mama alipika ugali, ndizi na maharage. Samaki aliacha kupika mwaka ule. Hakusema kwa nini, na wateja hawakuuliza. Kila mtu alikuwa amesikia habari za maiti zilizoteremka na mto Kagera.

Nyuma ya mgahawa palikuwa na banda la video. Kuta zilikuwa za udongo na paa lilikuwa turubai la kambini, lile ambalo liliuzwa kila soko. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi. Jua likiwaka juu, mwanga ulipenya kwenye turubai ukawa wa samawati, na watu wote mle ndani wakaonekana kama wako chini ya maji. Jenereta ilikuwa nje, ikinguruma na kukohoa. Tuliingia Jumapili baada ya misa.

Filamu zilikuwa za Kihindi na za Kichina, na hakuna aliyejua lugha hizo isipokuwa mwalimu wetu wa darasa la nne. Mwalimu alikaa kwenye stuli kando ya televisheni na kusema kwa niaba ya waliokuwemo kwenye kioo. Stelingi, yule shujaa wa filamu, akifungua mdomo, mwalimu aliongea kwa sauti nzito. Mama yake stelingi akilia, mwalimu aliilegeza sauti mpaka wanawake wakatoa leso. Alisema Kihindi alikijulia Mwanza, alipokuwa amepanga chumba nyuma ya duka la Mhindi. Tuliamini. Kwetu, alichosema mwalimu ndicho kilichosemwa.

Kanda ya Mafuriko mwenye banda aliinunua pamoja na deki kutoka kwa watu waliovuka mpaka. Haikuwa na jalada. Mtu fulani huko ilikotoka aliinasa filamu ile juu ya kitu kingine, na kabla haijaisha nadhani umeme ulimkatikia. Kwa hiyo kila mara ilikuwa hivi: wale ndugu wamekua, mmoja polisi na mwingine mwizi, wanakutana juu ya daraja, polisi ameinua bastola, mwizi anapeleka mkono shingoni kutoa kidani. Hapo hapo chenga. Mistari inapanda, kioo kinatetemeka, halafu inatokea harusi.

Ilikuwa harusi ya watu kama sisi. Uwanja uliofagiliwa, migomba, wanaume wa makoti wamekaa kwenye mabenchi, vyungu vya pombe vyenye mirija. Haikuwa na sauti hata kidogo. Ngoma zilipigwa bila mlio, wanawake walinyoosha mikono juu wakicheza kimya kimya, na sauti pekee ilikuwa ya jenereta.

"Harusi gani hii hata pilau hawapiki!" dereva mmoja alisema siku ya kwanza, na wenzake wakacheka wakatoka. Sisi watoto tulibaki. Tuliogopa na hatukutaka kuondoka.

Jirani yetu alikuwa mama aliyevuka mpaka na wakimbizi wengine, lakini hakukaa kambini. Mama alimpa chumba cha uani, naye akawa anamenya ndizi na kuchambua maharage. Lugha yake na Kihangaza chetu zinakaribiana, hivyo walielewana bila shida. Jumapili moja alitumwa bandani kukusanya sahani za madereva. Aliingia harusi ikiwa inaendelea, akasimama na sahani mikononi.

"Yule ni mimi," alisema.

Tuligeuka kumwangalia, kisha tukaiangalia televisheni. Mwanamke aliyekaa pembeni ya benchi, mnene, nywele zimetengenezwa, alikuwa na uso wake kweli. Huyu wetu alikuwa amekonda.

"Harusi ya mtoto wa kaka yangu," alisema. "Ngojeni. Ngojeni, atapita."

Akapita. Msichana wa miaka ya kumaliza shule ya msingi, na kikapu chenye mfuniko kichwani. Alikuja mpaka karibu kabisa na kamera, akainamisha kichwa upande mmoja, akasema maneno machache, akacheka na kuziba mdomo kwa mkono. Kisha akaondoka.

"Rudisha," jirani yetu alisema, na mwenye banda akarudisha.

Ni mwanawe. Walipoteana darajani Rusumo siku ya kuvuka. Mtoto alikuwa ameshika ncha ya kitenge cha mama yake, na mama alipofika ng'ambo akakuta ncha imeshikwa na mtoto asiye wake. Alikuwa ameuliza kila kambi. Hakuna aliyemwona, akiwa hai wala akiwa maiti.

Mstari mmoja wa chenga ulipita kwenye midomo ya msichana alipokuwa akisema, hata mama yake hakuweza kuyafuata maneno. Ndipo akamgeukia mwalimu, maana mwalimu ndiye aliyekuwa akiwasemea watu wa mle ndani.

"Mwalimu, mwanangu ananiambia nini?"

Mwalimu hakuwahi kushindwa kutafsiri. Alisema polepole, kwa sauti ndogo ya kike aliyoitumia kwa mabinti wa filamu:

"Anasema, mama, ninakuja."

Tangu siku hiyo jirani yetu alihudhuria kila Jumapili. Alijipaka mafuta, akavaa kitenge chake kizuri, akakaa mbele kabisa. Hakujali mafuriko wala bastola. Alisubiri daraja lifike. Habari zikaenea, wakaja na wengine kutoka kambini, watu wa kutembea mchana mzima, kuangalia kama kuna wa kwao kwenye mabenchi yale. Wengine waliwaona. Bandani palisikika minong'ono ya majina, na sisi watoto tukawa tunajua yupi kati ya wale wanaocheza amekwisha kufa. Tuliwaangalia miguu zaidi kuliko nyuso, maana tuliambiwa mzimu haukanyagi ardhi.

Siku nyingine zote jirani alikaa kwenye kigoda kando ya barabara, ameelekea malori. Kila jioni alipakua chakula kidogo, akakifunika kwa sahani nyingine na kukiweka juu ya rafu. Asubuhi nilikikuta kimepoa, nikakimwaga na kuosha sahani. Madereva walimzoea. Walizibeba habari zake huko walikokwenda, Karagwe, Kahama, hata Isaka: Lusahunga kuna mama anayeongea na mwanawe kwenye televisheni.

Lakini kanda inachoka. Kwa kuwa kipande kile ndicho kilichorudishwa zaidi, ndicho kilichochakaa zaidi. Chenga zilianzia pembeni, zikala migomba, zikala mabenchi. Mwenye banda alifuta kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, lakini haikusaidia.

"Mama, tuiache ipumzike," alimwambia. "Tunavyozidi kumwangalia ndivyo tunavyozidi kumfuta."

"Nikiacha kumwangalia atajuaje niko hapa?" jirani alijibu.

Ilifika Jumapili ambayo msichana alipita na kikapu, gauni lipo, mikono ipo, lakini juu ya shingo palikuwa na chenga tupu. Zilikuja karibu na kamera, zikainama upande mmoja. Mkono ukainuka kuziba mdomo ambao haukuwepo. Mtoto mmoja alipiga kelele. Jirani yetu alisimama, akatoka nje kwenye jua, akamfuata mama jikoni. Mimi nilikuwa nyuma yake.

"Ninyoe," alisema.

"Dada, hujapata habari yoyote."

"Nimepata."

Mama alijaribu kumzuia. Alimwambia ni mashine tu ile, imeharibika kama redio inavyoharibika. Jirani alikaa chini uani, akafungua kitambaa chake. Mama akachukua kiwembe na maji, akamnyoa kama wanavyonyolewa waliofiwa, na nywele zikaanguka kwenye maganda ya ndizi. Kesho yake majirani hawakushika jembe, ingawa mvua ilikuwa imenyesha na mbegu za maharage zilikuwa tayari. Ndivyo ilivyo kwetu, mtu akifiwa shamba linangoja. Walikaa uani na pombe, wakamlilia msichana ambaye kaburi lake lilikuwa ndani ya deki. Mwalimu alikuja, akasalimia, akakaa mwisho wa mkeka.

Haukupita muda ikatangazwa kwamba wakimbizi warudi kwao. Unaikumbuka barabara ilivyokuwa, watu wamejaa toka ukingo hadi ukingo, magodoro vichwani, mbuzi, baiskeli bila matairi. Wa kwetu alifunga mzigo wake mdogo. Mama alimwambia abaki, chumba kipo. Akasema hana tena wa kumsubiri njia panda, bora aende akalime shamba lake. Akaondoka kuelekea Rusumo, kichwa kikianza tu kuota nywele.

Masika yaliyofuata, alasiri moja, nilikuwa naosha sahani lori likasimama. Akashuka msichana, mrefu kuliko nilivyotazamia. Aliinamisha kichwa upande mmoja kusoma kibao cha mgahawa, nami nikamjua kabla hajafika mlangoni. Sahani ilibaki mikononi mwangu. Nilimwangalia miguu. Alikuwa amevaa kandambili, na zilikuwa na matope.

"Shikamoo, mama," alimwambia mama.

Mama hakuitikia.

"Shikamoo. Nilikuwa Karagwe kwenye mashamba ya watu. Dereva mmoja aliniambia Lusahunga kuna televisheni inanionyesha."

"Marahaba," mama alisema hatimaye, akamletea maji ya kunawa. Alimshika mikono akamnawisha mwenyewe kama mtoto, na niliona anaipapasa, kidole kwa kidole. Kisha akamletea chakula, akakaa mbele yake mpaka amemaliza, ndipo akamwambia mama yake ameelekea wapi, na ameondoka akiwa amenyolewa kwa ajili ya nani.

Msichana aliomba kuiona ile kanda. Mwenye banda aliwasha jenereta ingawa haikuwa Jumapili. Tulikaa wachache kwenye ule mwanga wa samawati: mama, mimi, mwenye banda, na mwalimu aliyeitwa kutoka shuleni akiwa bado na chaki mikononi. Ndugu wawili wakakutana darajani, zikaja chenga. Baada ya chenga zikaja chenga. Hata gauni halikuwepo tena. Msichana aliziangalia kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa kaburi.

"Ulikuja mbele ya kamera ukasema kitu," mwalimu alimwambia. "Ulisema nini?"

Alifikiri kidogo. "Harusi ile? Nilimwambia mpiga picha nataka soda." Akacheka, akaziba mdomo kwa mkono.

Mwalimu alitoka nje. Hakukaa tena kwenye ile stuli. Tuliendelea kuziangalia filamu kwa muda, kila mtu akijitafsiria, mpaka banda likafungwa. Msichana alilala kwenye chumba cha uani, na asubuhi mama alimtafutia lori la kwenda Rusumo. Alipanda nyuma, akapunga mkono. Kama alimkuta mama yake, au alikuta shamba limelimwa na mtu mwingine, hatukusikia. Mama aliuliza madereva mpaka wakawa wanamjibu kabla hajauliza.

Pale palipokuwa na banda sasa wanauza na kutengeneza simu. Mwalimu amezikwa. Kanda ile mwenye banda aliivuta utepe wake akafungia nyanya, na kwa msimu mzima ulimeta shambani upepo ukivuma. Jenereta siku hizi huisikii, umeme umefika, na filamu unaiangalia peke yako kitandani bila mtu wa kukusemea.

Hii ya kwenye simu ina maandishi ya tafsiri chini. Nimegundua mwalimu hakujua Kihindi hata neno moja. Yule mama mwenye kulia hakusema robo ya yale tuliyomlilia. Mara nyingi alikuwa anaimba tu. Nilimsomea mama tafsiri mpya, akanikatiza: "Ya mwalimu ilikuwa nzuri zaidi."

Daraja likafika. Bastola ikainuka. Mkono ukaenda shingoni, nami nikajikuta nangoja mistari. Haikuja. Kidani kikatoka, nusu ikakutana na nusu, ndugu wakakumbatiana, mama yao akaja akikimbia kutoka ng'ambo.

"Kumbe walionana," mama alisema.

Majina yakapanda, muziki ukaisha, kioo kikawa cheusi. Mpwa wangu akanyoosha mkono kuchukua simu yake. Mama akaushika mkono wake akaurudisha.

"Subiri kwanza," alisema. "Wale wa harusi hawajatokea."