Faini Iliyotangulia Kosa

Nakumbuka alasiri moja ya Jumamosi uwanjani Kathonzweni, mwanangu, jogoo mwekundu amefungwa miguu kwa kamba ya katani chini ya mlingoti wa goli letu, na mechi bado haijaanza. Jogoo yule alikuwa faini. Kosa lenyewe lilikuwa bado halijatendeka.

Nitakueleza taratibu, maana umeniambia wamekuchagua kwenye kamati ya nidhamu ya timu yenu ya vijana, na nimeona unavyotembea kifua mbele tangu upewe hicho cheo. Si vibaya. Hata mimi nilipofanywa kepteni wa timu ya soko nilianza kuvaa soksi za mpira mpaka kanisani. Keti basi, chai ipo.

Ilikuwa miaka ya sabini. Tulikuwa na ligi yetu ndogo, kijiji kwa kijiji, na hatukujua habari za kadi za njano wala nyekundu. Tulikuwa na kuku. Mchezaji akimpiga mwenzake au akimtukana refa, alitozwa kuku, na kabla hajamleta hakanyagi uwanja. Kuku alipikwa kwenye sufuria kubwa baada ya mechi, timu zote mbili zikala pamoja. Jambo hili hatukulibuni sisi. Wazee wetu Wakamba walimtoza mkosaji mbuzi, naye akala nyama ile pamoja na aliyemkosea, ugomvi ukaishia hapo. Sisi vijana mbuzi tungewatoa wapi? Tukashuka mpaka kwa kuku.

Refa wetu alikuwa Mzee Athumani, mwenye bucha pale sokoni. Babu zake walipanda kutoka pwani na biashara zao wakakwama huku kwetu, wakaoa, wakazaa. Tulimchagua kwa sababu hakuwa na ukoo wa kutetea. Refa Mkamba akipuliza firimbi, watu walianza kuuliza mama yake ni wa ukoo gani. Mzee Athumani akipuliza, hakuna aliyekuwa na la kuuliza. Tena akichinja yeye, sote tulikula, wa msikiti na wa kanisa. Alikimbia uwanjani na kanzu ameikunja kiunoni, na katika maisha yangu sijaona mtu mzima anayependa haki kama yule. Nilimpenda, mwanangu, na leo bado nampenda.

Sasa huyo jogoo mwekundu. Mwenyewe aliitwa King'oo, winga wetu, kijana wa miraba minne. Baba yake alikuwa na duka na mashine ya kusaga mahindi, naye ndiye aliyetununulia mpira na jezi. Kwao kuku walikuwa wengi kwa sababu ya chenga za mahindi zilizomwagika kwenye mashine. King'oo alicheza rafu, akatozwa, akaleta. Akarudia, akaleta tena. Mwisho akaona kwa nini ajisumbue kurudi nyumbani? Akawa anakuja na jogoo wake mapema, anamfunga kwenye mlingoti, halafu anaingia kuvunja watu miguu.

Refa akimwita, yeye alinyoosha kidole tu. "Mimi nimeshalipa, mzee. Si yule pale?"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Na nikwambie ukweli, hatukukasirika hata kidogo, maana majogoo wa King'oo walikuwa wanono.

Siku hiyo ya jogoo mwekundu tulicheza na timu ya Bondeni. Walikuwa na kijana mmoja mwembamba, mwepesi, jina lake Mutua, aliyelelewa na nyanya yake. Nyanya yenyewe sote tulimwita Susu, kama tunavyowaita nyanya zetu huku. Mutua alimpita King'oo mara ya kwanza, akampita mara ya pili, na ya tatu King'oo akamkata mguu, kwenye ule mfupa wa mbele, pwaa! Mutua akaanguka. Alipoinuka, alimzaba King'oo kofi lililosikika mpaka sokoni.

Mzee Athumani alipuliza firimbi akawatoza wote wawili, kila mtu kuku mmoja. King'oo akanyoosha kidole kwenye mlingoti. Mutua akatazama chini. Jumamosi iliyofuata ndiyo ilikuwa fainali, sisi na wao Bondeni, na Mutua asipoleta kuku hatacheza. Kombe lilikuwa la bati, dogo, lakini tulilitazama kama dhahabu. Nami kepteni nikajisemea moyoni, bila Mutua kombe ni letu.

Katikati ya wiki nilikuwa buchani kwa Mzee Athumani nikipiga soga. Mutua akaingia akichechemea, na kuku amemkumbatia kifuani. Mzee akampokea, akampapasa tumboni. Akampapasa tena. Chini ya kifua kuku yule hakuwa na manyoya.

"Huyu anaatamia," Mzee akasema. "Mayai umemwachia nani?"

"Susu ameyafunika na blanketi, mzee. Anasema ati yatakaa na joto mpaka jioni."

"Na jioni?"

Mwaka ule mvua zilikuwa zimetupa mgongo, mahindi yamekauka yakiwa magotini, na kila mtu alijua pale kwa Susu hapakuwa na kuku mwingine. Mayai yale ndiyo yalikuwa mifugo yao ya mwaka mzima.

Mzee Athumani akamrudishia kuku. "Mkimbize nyumbani kabla mayai hayajapoa. Mwambie nyanya yako faini yako nimeiweka kiporo, tutaonana kesho uwanjani."

Mutua alipotoka nikafungua mdomo wangu, kepteni mzima. "Lakini mzee, sheria ni sheria. King'oo amelipa, Mutua naye alipe."

Mzee alifuta kisu chake polepole. Hakunipandishia sauti, na afadhali angenipandishia. "Sheria ni msumeno, mwanangu, hukata mbele na nyuma. Huu wetu unakata upande wa Susu tu. Niambie, wewe umekula kuku wangapi wa King'oo?"

Walikuwa wengi.

"Nami nimewachinja wote nikala nanyi," akasema. "Wazee walisema mla kuku wa mwenziwe miguu humwelekea. Yule kijana anaumiza watu kila wiki, na sisi tunaomhukumu tunalamba vidole. Nani kati yetu anataka aache? Na wale wazee walisema tena, kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua huchukuliwa na mwewe. Mwewe wa mwaka huu ni sisi, kepteni. Ni mimi na wewe."

Mwanangu, maneno yale yaliniingia kama mwiba wa mgunga. Nilitoka buchani bila kuaga.

Kesho yake timu zote mbili tulikaa kwenye nyasi kavu, na Mzee Athumani akasimama katikati. Akasema kuanzia siku hiyo hakuna faini ya kuku. Kila mtu atatozwa alichozaliwa nacho, mabega na mikono. Unajua mwethya, ile kazi ya kusaidiana ambapo kijiji kizima kinalima shamba la mmoja na keshokutwa la mwingine? Basi ndivyo. Aliyemuumiza mwenzake ataenda kwao na jembe, alime asubuhi nzima, na atakula watakachokula. King'oo achimbe mitaro ya kuzuia maji shambani kwa Susu. Mutua apasue kuni na kubeba magunia kule mashineni kwa kina King'oo.

Vijana wa Bondeni wakapiga kelele. Mmoja akasema Mutua asamehewe, ni maskini.

"Umaskini si ruhusa ya kumzaba mtu kofi," Mzee akajibu. "Nikimsamehe kwa sababu ya ufukara wake, kesho nitamsamehe huyu kwa sababu ya utajiri wake. Wote jembe."

King'oo alikuwa amenuna kama mtoto aliyenyimwa uji. Kabla jua halijatua baba yake alifika mwenyewe, hasira zimempanda.

"Mtoto wangu hawezi kuwa kibarua ya mtu," akasema. "Kama ni hivyo, mpira ni yangu, na jezi ni zangu. Leteni."

Tukatazamana. Fainali imebaki siku mbili, na mpira unaondoka! Wenzangu wakaanza kumsihi Mzee Athumani alegeze kidogo, walau King'oo alete mbuzi. Mzee akauokota mpira, akaupangusa vumbi kwa kanzu yake, akamkabidhi baba yake King'oo kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Asante kwa kutuazima, ndugu yangu," akasema. "Sisi tutatafuta mwingine. Haki sijui inauzwa duka gani."

Nilisimama pale nikaona jinsi mtu anavyoweza kuwa mkubwa bila kuwa na kitu mkononi. Mpaka sasa nikikumbuka mwili hunisisimka.

Ijumaa asubuhi nilienda kwa Susu kuona kama King'oo atakuja. Kwa kweli nilidhani hatakuja. Lakini nilipokaribia nilisikia majembe, na yalikuwa zaidi ya moja. King'oo alikuwa ndani ya mtaro, kavaa gambuti za baba yake, jasho linamtiririka, na pembeni yake anachimba Mzee Athumani mwenyewe, kanzu kiunoni, kofia ameitundika kwenye kichaka.

"Mzee, wewe umemkosea nani?" nikamuuliza.

"Si nilikwambia nilikula?" akasema, bila kuinua kichwa. "Jembe lingine liko pale nyuma ya ghala."

Nikalichukua. Ningefanya nini? Kufika saa nne, nusu ya timu ya soko ilikuwa mle mtaroni, kila mla kuku na jembe lake. King'oo alitutazama tukija mmoja mmoja, na nikaona uso wake unabadilika. Hakuwahi kutuona sisi tukilipa chochote kwa ajili ya rafu zake. Baadaye aliniambia baba yake alimkataza kutoka, lakini usiku alikosa usingizi, akaona aibu ya mpira kurudishwa kwa mikono miwili.

Susu alitoka na sufuria ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, na kwa mwaka ule sijui aliitoa wapi. Alimpakulia King'oo kwanza.

"Kula, mwanangu. Wewe ndio umechimba mingi," akamwambia. "Lakini huu wa mwisho umeuacha nusu. Nimeuona."

"Nitamaliza Jumatatu, Susu," King'oo akasema, na mdomo umejaa.

Kando ya mlango kuku alikuwa amerudi kwenye mayai yake, macho makali, hataki mtu apite. Na kule mashineni, walituambia, Mutua alibeba magunia mpaka mama yake King'oo akamwonea huruma akampa chai na mandazi.

Jumamosi tukacheza na mpira wa Bondeni, uliotiwa viraka mpaka ukawa hauruki sawasawa, na sisi tumevaa mashati yetu ya kila aina. Bondeni wakatufunga bao moja, Mutua huyo huyo, na nikikudanganya kwamba sikuumia Mungu ananiona. Karibu na mwisho beki wao mmoja akamkata King'oo mguu, vibaya, vile vile yeye alivyozoea kuwakata wenzake. King'oo akainuka na ngumi imekunjwa. Mzee Athumani alikuwa mbali, asingemuwahi.

Ndipo sauti nyembamba ikatoka upande wa mashabiki wa Bondeni, Susu amesimama na fimbo yake.

"King'oo! Mtaro mmoja haujaisha! Unataka nikuongezee mwingine?"

Kicheko kilichopasuka hapo, mwanangu! King'oo alitazama ngumi yake, akamtazama Susu, akaifungua ile ngumi akampa mkono beki aliyemwangusha. Na Jumatatu alienda akamaliza mtaro. Baba yake alirudisha mpira baada ya wiki kadhaa, bila neno, aliuacha tu kizingitini kwa Mzee Athumani. Vifaranga wa Susu walianguliwa, akamletea King'oo mmoja. King'oo alimfuga mpaka akazeeka, alikataa katakata achinjwe.

Basi sikiliza, wewe wa kamati ya nidhamu. Ukimtoza mtu, kwanza tazama hiyo faini itamuumiza nani nyumbani kwake, isije ikawa mkosaji anacheka na nyanya yake analia. Usimwachie tajiri kwa sababu mpira ni wake, wala maskini kwa sababu unamwonea huruma, maana wote watakudharau. Na likitoka tonge lolote kwenye faini, jiulize kama wewe umelila. Kamati inayoshiba kwa makosa ya watu itayapenda makosa. Zaidi ya yote, ukikosea usitafute pa kujificha, chukua jembe uingie mtaroni na wenzako, na utashangaa heshima itakavyokufuata yenyewe.

Haya, lete viganja vyako nivitemee mate kidogo kama nilivyobarikiwa mimi. Mungu akupe jicho la kuona tumbo la kuku lisilo na manyoya. Akupe ulimi mpole na mgongo usiokataa jembe. Na siku ngumi yako ikikunjika, asikose Susu wa kuita jina lako.