Chonge Mbili za Binti Yangu

Ni mimi niliyempeleka. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimewaambia watu, kuanzia mume wangu hadi daktari wa meno, kwamba mama mkwe wangu ndiye aliyembeba binti yangu mchanga kwenda kung'olewa "meno ya plastiki", wakati mimi niko darasani nafundisha. Mama mkwe hakuwepo. Siku hiyo alikuwa kando ya ziwa akinunua ndagala, na kabla ya kuondoka alikuwa ameniambia, "Mutoto anaota meno tu, mama. Mupe maji, umuache."

Hakuwahi kukanyaga shule. Mimi nilikuwa na lisansi ya biolojia kutoka chuo kikuu.

Mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, wapo watu hapa Kalemie watakaomfungua kinywa, waone ufizi umevimba na kuwa mweupe pale chonge zitakapotoka, na waseme hayo ndiyo meno ya plastiki, yana minyoo, yatamuua yasipochimbuliwa. Mwalimu mwenzangu alinielekeza kwa mama mmoja aliyekuwa na waya wa gurudumu la baiskeli, ulionolewa ncha. Nilimshika binti yangu kichwa mwenyewe, kwa mikono miwili. Yule mama akachimba, akaweka juu ya pamba vitu viwili vidogo, vyeupe na laini.

"Ona minyoo yenyewe," akaniambia.

Nilijua ninachokiona. Zilikuwa mbegu za meno, zile zile nilizozichora ubaoni kwa chaki ya rangi wiki chache kabla. Nikasema asante.

Baada ya siku tatu kuhara kuliisha, kama kunavyoisha. Nilijisifu kimoyomoyo kwa siku kadhaa, nadhani.

Chonge za utotoni hazikutoka. Alipofika miaka kumi na miwili, moja ya zile za kudumu ilitoka imepinda, ina rangi ya kutu, na nyingine haikutoka kabisa. Binti yangu akaanza kucheka huku ameziba mdomo. Tukampeleka kwa daktari wa meno, mimi na bibi yake. Daktari alimulika, akauliza ni nani aliyemchimbua mtoto huyu.

"Bibi yake," nikasema upesi. "Mimi nilikuwa kazini."

Bibi mwenyewe alikuwa kwenye benchi nyuma yangu, ameshika sweta ya mjukuu wake. Nilisubiri. "Njo vile, daktari," akakubali.

Tulipokuwa tunarudi, binti yangu ametangulia mbele, mama mkwe akanisogelea. "Wewe unafundisha watoto wa watu," akasema. "Acha nibebe mimi."

Nami nikamwachia abebe. Badala ya kusema kweli nikawa jemadari wa meno. Kila asubuhi na kila baada ya chakula cha jioni familia nzima ilipanga mstari uani, kila mtu na mswaki wake na kikombe chake, mimi nahesabu polepole hadi mia moja na ishirini. Maandazi yenye sukari yalikuwa ya Jumapili tu. Wageni hawakusalimika. "Valizi umeleta?" mume wangu alikuwa akiwauliza mlangoni, akiwapokea masanduku. "Na mswaki? Maana huo njo wanaangalia hapa." Mama mkwe alisimama mwisho wa mstari na kijiti chake cha mti, akasugua hadi nimalize kuhesabu. Sikuweza kumwangalia kinywani. Alikufa akiwa na meno yake yote.

Bado nahesabu. Siku hizi mstari ni mume wangu na mtoto wetu wa mwisho, lakini watu wanasimama wakiacha nafasi kule mwisho, au ni mimi ninayeiona. Nikifika mia moja na ishirini, huwa nasubiri kidogo mtu mwingine ateme.

Binti yangu ameolewa Kongolo. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe wa sauti. "Mama, mutoto anaharisha siku ya pili, na ufizi umevimba. Mama mkwe wangu anasema njo meno ya plastiki. Kuna mama hapa anatoa kwa glavu na dawa, si kama yule wa bibi. Kesho asubuhi tunaenda."

Si kama yule wa bibi. Uongo wangu ulikuwa umemfundisha kwamba kosa lilikuwa la bibi kizee asiyesoma, na kwamba mtu mwenye akili angelifanya jambo lile lile kwa usafi.

Niliandika jibu mara tatu. La kwanza lilikuwa na neno "madhara" na nukta mkato mbili. La pili lililaumu desturi. La tatu lilianza na "mimi", nikalifuta. Asubuhi nikapiga simu.

"Alo, mama, tuko mlangoni, tunatoka."

"Si bibi yako. Ni mimi niliyekupeleka."

Nilisikia mtoto akilia kwa sauti iliyochoka.

"Bibi alikubali mbele ya daktari. Nilimusikia."

"Alikubali kwa ajili yangu. Yeye alikuwa amesema upewe maji, uachwe."

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilijua. Nilikushika kichwa."

Kwa mbali mama mkwe wake aliuliza wanangoja nini. Binti yangu aliondoa simu mdomoni, lakini nilimsikia vizuri akimjibu.

"Mama, kule hatuendi. Tunapita kituo cha afya."

Kisha akarudi kwangu. "Wewe, tutaongea. Si leo."

Akakata.